Chupa Ndogo Ndiyo Rahisi

Ukipita madukani Darajani na Mchangani, Zanzibar, na zaidi ukifungua simu, utakuta manukato "ya feromoni", yanayouzwa kwa ahadi kwamba ukijitia tu, unayemtaka atakufuata mwenyewe. Bei yake mara nyingi huizidi ile ya manukato ya kawaida ya ujazo uleule.

Ziada hiyo unalipia jina. Feromoni, yaani kemikali ambazo mnyama hutoa na kuwaathiri wenzake, zipo kweli: mwaka 1959 wanasayansi wa Ujerumani waliitambua ya nondo wa hariri, na nguruwe dume ana zake. Kwa binadamu haijathibitishwa hata moja. Tristram Wyatt wa Chuo Kikuu cha Oxford alizipitia tafiti za feromoni za binadamu mwaka 2015 na hakukuta ushahidi thabiti. Basi usikubali kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Angalia harufu, ujazo na muda wa kukaa.

Muda umeandikwa, ila kwa herufi ndogo. Geuza boksi utafute kijipicha cha kopo lililo wazi, chenye 12M, 24M au 36M: hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku unayofungua. Ikipita, manukato hayageuki sumu, lakini harufu usiidai tena. Chupa isiyo na kijipicha, tarehe wala namba ya toleo, iache hapohapo.

Sasa piga hesabu. Mpulizo mmoja hutoa kama mililita 0.1, kwa hiyo chupa ya mililita 100 ina mipulizo kama 1,000. Ukijipulizia mara mbili kila siku utaimaliza kwa siku 500. Kama boksi linasema 12M, zaidi ya robo ya pesa yako imepitwa na muda ikiwa ndani ya chupa. Na wewe unayejitia Ijumaa na harusini tu? Chukua ya mililita 30, hata kama kila mililita inakugharimu zaidi.

Mafuta ya tola yana faida yake. Tola ni gramu 11.66, kama mililita 12 hivi, na unaweza kuomba nusu au robo. Hayana spiriti ya kuruka, na udi na msandali hustahimili miaka. Tatizo ni kuchanganywa: yakitiwa mafuta ya kula, yataanza kunuka uvundo. Uliza pia kama kichupa kimo kwenye bei.

Ya karafuu ni rahisi kuyapima. Tone la mafuta safi likitiwa kwenye bilauri ya maji huzama. Mafuta ya kula huelea. Yaweke kwenye kioo, maana karafuu hulainisha baadhi ya plastiki.

Marashi ya mawaridi ni maji, nayo huharibika mapema. Nunua ya kujaza mrashi kwa shughuli moja, yanayobaki yatie friji.

Kuhifadhi hakuhitaji pesa. Maadui ni joto, mwanga na hewa, na kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo mtihani. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe: kidaka cha chumba kisichopigwa jua la alasiri kinatosha. Chini ya bati, tia chupa ndani ya boksi lake, boksi ndani ya sanduku la nguo, chini ya kitanda. Meza ya kioo dirishani, bafuni na ndani ya gari, hapana. Harufu za ndimu na chungwa ndizo zitakazotangulia kupotea.

Anayeagiza mtandaoni ajumlishe kwanza: ada ya kutuma pesa, mzigo kutoka Dubai au Dar es Salaam, bodaboda ya kuleta nyumbani. Hujui chupa imekaa juani siku ngapi, na ukishafungua, wengi hawakurudishii pesa. Dukani unaomba tone mkononi, unazunguka sokoni saa nzima, kisha unanusa tena.

Kama pesa inatosha kitu kimoja, chukua robo tola ya mafuta uliyoyanusa mwenyewe. Zawadi ya harusi, mililita 30 yenye kijipicha. Feromoni muachie muuzaji. Na dai risiti kabla hujatoa pesa: ukiuziwa kilichopitwa na wakati, ndiyo utakayokwenda nayo Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.