Kubaki Ughaibuni au Kurejea: Mizani ya Sheria kwa Aliyekaa Miaka Mingi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika masuala yanayotufikia kutoka kwa ndugu zetu walioko Uingereza, moja halikomi kurudi. Safari hii muulizaji ni mzee wa miaka sitini na ushei. Aliondoka Unguja akiwa kijana, na amekaa huko zaidi ya miaka thelathini. Watoto wake wamezaliwa huko, na wajukuu pia. Anauliza: je, ni wajibu juu yangu kurejea nchi ya Waislamu kabla ya kufa? Mke wangu hataki kuwaacha wajukuu. Nikibaki napata dhambi? Na nikirudi peke yangu je?

Tunalijibu suala hili kwa urefu kwa sababu tunadaiwa. Miaka kadhaa nyuma tuliulizwa mfano wake baada ya darsa, tukalijibu hapo hapo kwa Hadithi moja tu, tukasema kurejea ni wajibu. Ndugu yule alitii. Alirejea peke yake, mkewe akabaki. Mtoto wao wa mwisho alikuwa na miaka kumi na minne, na alikosa jicho la baba katika umri ule unaolihitaji zaidi. Leo kijana huyo hasali. Baba yake hajatulaumu hata siku moja, lakini sisi tunajua kuwa jawabu letu lilikuwa nusu ya elimu. Mwenye kukosea hadharani inampasa arejee hadharani.

HOJA ZA WANAOSEMA NI LAZIMA KUONDOKA

Hoja ya kwanza ni Suratun-Nisaa, aya ya 97. Humo Mwenyezi Mungu anawataja watu wanaofishwa na Malaika hali ya kuwa wamezidhulumu nafsi zao. Wanatoa udhuru kuwa walikuwa wanyonge katika nchi, na wanajibiwa kuwa ardhi ya Mwenyezi Mungu ilikuwa na wasaa, kwa nini hawakuhama? Hoja ya pili ni Hadithi ya Jarir bin Abdillah (R.A.) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) anajitenga na kila Muislamu anayekaa baina ya washirikina. Hii ndiyo Hadithi tuliyomsomea ndugu yule.

Tulichokosa kumwambia ni haya. Kwanza, aya inawazungumzia waliozuiliwa dini yao na hali wana uwezo wa kuondoka. Aya ya 98 inayofuata inawatoa katika lawama wasiokuwa na hila wala njia. Pili, Tirmidhi mwenyewe amebainisha kuwa iliyo sahihi zaidi katika Hadithi ile ni ile riwaya ambayo Sahaba hakutajwa katika sanadi yake (mursal), na akanukuu hivyo kutoka kwa mwalimu wake, Imamu Bukhari. Tatu, Hadithi hiyo ilisemwa kwa sababu ya watu waliouawa vitani wakiwa wamechanganyika na maadui. Kwa hivyo haifai ichukuliwe pekee, ikakatwa na nyenziwe.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Bukhari amepokea kuwa Bi Aisha (R.A.) aliulizwa juu ya Hijra na Ataa bin Abi Rabah. Akamfahamisha kuwa zamani muumini alikuwa akikimbia na dini yake kwa kuogopa kufitiniwa. Ama baada ya Uislamu kudhihiri, mtu amuabudu Mola wake popote atakapo. Tazama, ndugu msomaji, namna alivyoitaja sababu ya hukumu (illa), nayo ni khofu ya kufitiniwa katika dini. Hakulitaja jina la nchi.

Vile vile Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) habari ya bedui aliyetaka kuhama. Mtume (S.A.W.) alimuonya kuwa jambo la Hijra ni zito, akamuuliza juu ya ngamia wake na zaka yao, kisha akamtuliza kuwa afanye amali hata kama ni nyuma ya bahari, kwani Mwenyezi Mungu hatampunguzia kitu katika amali zake.

Na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Sahaba waliohamia Uhabeshi. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina, dola ya Kiislamu ilikuwa imekwisha simama, lakini Jaafar bin Abi Talib (R.A.) na wenzake walibaki katika nchi ya Manasara mpaka mwaka wa 7 Hijria. Walifika wakati wa kutekwa Khaibar. Umar (R.A.) alipomwambia Asmaa bint Umais (R.A.) kuwa wao wa Madina wametangulia katika Hijra, Bi Asmaa alikasirika, akampelekea Mtume (S.A.W.) shauri lake. Mtume akahukumu kuwa Umar na wenzake wana Hijra moja, na watu wa jahazi wana mbili. Hakuwalaumu kwa kukawia kwao.

KAULI ZA WANAVYUONI WETU WA KISHAFII

Imamu Nawawi katika Minhaj ameligawa suala hili kwa uwezo wa kudhihirisha dini. Muislamu aliye katika nchi isiyokuwa ya Kiislamu akiweza kuidhihirisha dini yake, kuhama kwake ni sunna. Asipoweza, na ana uwezo wa kuondoka, ni wajibu. Al-Mawardi amekwenda mbele zaidi: anayeweza kuidhihirisha dini yake mahali hapo, kubaki kwake ni bora kuliko kuondoka, kwa kutarajia wengine waingie katika Uislamu kwa sababu yake. Kauli hii ameinukuu Ibn Hajar al-Asqalani katika Fat-hul Bari.

Basi twende tukatazame namna hukumu hii ilivyofanya kazi katika historia, kwani hapo ndipo linapoonekana kosa la kuchukua fatwa moja tu.

FATWA MBILI JUU YA ANDALUS

Mwaka 896 Hijria (1491), miezi michache kabla ya Granada kusalimu amri, Sheikh Ahmad al-Wansharisi wa Fas, katika madhehebu ya Maliki, aliulizwa juu ya watu waliohama kutoka Andalus wakaacha majumba na mashamba yao. Walipofika Maghrib hawakupata maisha waliyoyatarajia, wakajuta, na baadhi yao wakaitukana Hijra yao na kutamani kurudi chini ya utawala wa Manasara. Aliwajibu kwa ukali: kubaki chini ya utawala ule ni haramu, na dhiki ya maisha si udhuru.

Katika zama zinazokaribiana na hizo, huko Misri, Sheikh Shihabuddin ar-Ramli wa madhehebu yetu (aliyefariki mwaka 957 Hijria) aliulizwa juu ya Waislamu wa Aragon, huko huko Hispania. Walikuwa chini ya mfalme wa Kinasara, wakisali na kufunga bila ya kuzuiliwa. Yeye alijibu kuwa si wajibu juu yao kuhama, bali wasiondoke, kwa sababu kubaki kwao kunatarajiwa kuwasilimisha wengine.

Nani alipatia? Tarehe inajibu. Katika Granada na Castile Waislamu walilazimishwa kuingia Unasara katika miaka ya 1501 na 1502. Zamu ya Valencia na Aragon ilifika mwaka 1525 na 1526. Kisha baina ya 1609 na 1614 wazao wao, watu wapatao 300,000, walifukuzwa nchini hata baada ya kubatizwa. Al-Wansharisi aliiona khatari ya kizazi. Ar-Ramli alihukumu kwa sharti la kudhihirisha dini, na sharti lilipoondoka, hukumu yake nayo iliondoka. Wote wawili walitazama illa ile ile aliyoitaja Bi Aisha (R.A.). Faida yake kwetu ni kuwa anayebaki kwa hoja ya ar-Ramli ni lazima abaki na macho ya al-Wansharisi, akiangalia mwaka hata mwaka hali ya dini yake na ya wanawe.

JE, KUREJEA ULIKOZALIWA NI HIJRA?

Hapa wengi wetu tunachanganya mambo mawili. Hijra ni kuhama kwa ajili ya dini. Kuitamani nchi uliyozaliwa ni tabia ya mwanadamu, haina lawama. Bilal (R.A.) alipougua homa Madina aliilia Makka, na Mtume (S.A.W.) aliomba Madina ipendezeshwe kwao kama Makka au zaidi. Lakini Makka ilipofunguliwa ikawa nchi ya Kiislamu, Muhajirina hawakuruhusiwa kurudi kukaa. Katika Hadithi ya al-Alaa bin al-Hadhrami (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Muhajiri aliruhusiwa siku tatu tu Makka baada ya kumaliza ibada yake. Na Ansari walipoingiwa na khofu kuwa Mtume (S.A.W.) atabaki na watu wake, aliwahakikishia kuwa uhai wake na kifo chake viko pamoja nao.

Imamu Shafii katika al-Umm ametumia jambo hili katika Sala ya msafiri: Muhajirina walipohiji na Mtume (S.A.W.) walipunguza Sala Makka, ijapokuwa walizaliwa hapo na jamaa zao wako hapo. Maana yake ni kuwa kwenu kwa Sheria ni pale ulipofanya maskani, na maskani hubadilika.

Ama hamu ya kuzikwa nyumbani, hakuna nafsi ijuayo itafia ardhi gani, kama ilivyo mwisho wa Surat Luqman. Na katika madhehebu yetu, Imamu Nawawi amesahihisha kuwa ni haramu kumhamisha maiti mji mwingine kabla ya kuzikwa, isipokuwa aliye karibu na Makka, Madina au Baitul Maqdis. Penye makaburi ya Waislamu, hapo ndipo azikwe.

MIZANI YENYEWE

Kwa kuwa Waislamu wa Uingereza wanaidhihirisha dini yao, wana misikiti na madrasa, na hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilihesabu zaidi ya milioni 3.8 Uingereza na Wales, kuondoka kwao si wajibu kwa asili yake. Kunabaki kupima manufaa na madhara ya kila mtu na nyumba yake, na mpangilio wake ni huu:

Kwanza, dini. Uliza: mimi na walio chini yangu, wapi Sala yetu imesimama zaidi? Tusijidanganye kuwa kila mtaa wa Unguja au Mombasa unamlea kijana. Na tusijidanganye pia kuwa kijana aliyezaliwa London atafuata dini kwa kuona jina lake tu.

Pili, kizazi. Mwenye watoto wadogo, kuhama nao kunaweza kuwa manufaa. Mwenye watoto wazima, wakabaki huko yeye akaondoka, huwa amewaondolea mzee wao, naye ndiye aliyebeba lugha, nasaba na darsa za nyumbani.

Tatu, haki za watu. Mtu aliyetaka kwenda Jihadi, wazazi wake wakiwa hai, Mtume (S.A.W.) alimrudisha kwao akajitahidi katika kuwahudumia. Mwenye mama mgonjwa Pemba asiye na mwengine, kipimo chake kimekwisha. Na mke naye ana haki. Haifai kumwacha mwaka hata mwaka bila ya ridhaa yake na kuita jambo hilo Hijra.

Nne, nafsi na mali. Hili ni la mwisho, lakini nalo lina nafasi yake. Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa hata kwa anayehamia Tanzania au Kenya, ila haipandi tena kila mwaka kama ya aliyebaki. Aliyehama moja kwa moja hupoteza pia haki ya matibabu ya bure ya huko. Mwenye maradhi ya kudumu ajue dawa zake atazipata wapi na kwa kiasi gani. Upande wa uraia, Mkenya aliyechukua uraia wa nyingine anaweza kuurudisha wake kwa Katiba ya mwaka 2010. Mtanzania mtu mzima aliyechukua uraia wa kigeni kwa hiari yake amepoteza wa Tanzania.

Na anayebaki ana wajibu asioweza kuuahirisha: aandike wasia. Sheria ya Uingereza humgawia mali aliyekufa bila ya wasia kwa mafungu yasiyokuwa ya Qur-ani, lakini inamruhusu mtu kuandika mgawanyo wake. Aliyekaa miaka thelathini asiandike amewaachia warithi wake dhulma kwa mkono wake.

JAWABU KWA MUULIZAJI

Mzee wetu, kurejea si wajibu juu yako maadamu unaidhihirisha dini yako, na kubaki kwako si dhambi. Ikiwa wajukuu wako wanasoma Qur-ani mbele yako, basi kubaki kwako kunaingia katika kauli ya al-Mawardi. Ukiona dini yao inaondoka na huna la kufanya, rudi kwenye suala hili upya, kwa sababu hukumu itakuwa imebadilika. Usirudi peke yako bila ya ridhaa ya mama watoto. Na ikiwa uwezo upo, njoo uwatembelee ndugu na makaburi ya wazee wako, uje na mjukuu mmoja kila mara. Kuunga jamaa hakukushartishwa kuhama.

Na wewe Imamu au mwanafunzi utakayeulizwa mfano wa haya, muulize kwanza muulizaji: una nani nyumbani, wana umri gani, wazazi wako wako hai? Sisi hatukuuliza.

Wallahu aalam. Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrejeze kijana yule katika Sala, amrehemu baba yake kwa subira yake, na atusamehe tuliyoyasema bila ya kuyapima. Amin.