Nyasi Zinazokula Fremu

"Anko, hii mashine yako mbovu."

Kijana wa darasa la sita alikuwa ameshika padi kwa hasira kwenye banda langu la gemu. Gari lake ndani ya gemu ya GTA V lilitoka mjini vizuri tu, likapanda milimani, na lilipofika penye majani picha ikaanza kukatakata kama kanda ya video iliyochakaa. Nikauliza nani kagusa setingi. Kimya. Wenzake wakaanza kuangalia dari.

Mashine hiyo ni ya mtumba, ina kadi ya picha ya GTX 1050, toleo la 2016, yenye memori ya GB 2. Mtu alikuwa amepandisha kila kitu hadi mwisho. Kwenye ukurasa wa setingi wa GTA V kuna mstari unaoonyesha memori ya kadi inavyojaa, nao ulikuwa mwekundu. Kadi ikifurika, vitu vingine huhifadhiwa kwenye memori ya kawaida ya kompyuta, na kuvifuata huko kila mara ni kupika huku chumvi iko kwa jirani.

Gemu ni picha tuli zinazopita mbio, na kila moja ni fremu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 16.7 tu za kuchora barabara, vivuli, moshi na mng'ao wa bodi ya gari. Ukiridhika na 30, muda unakuwa milisekunde 33.3. Kila urembo unaouongeza unalipiwa kutoka kwenye posho hiyo hiyo.

Nyasi ndizo zilizokuwa zinaimaliza. Mjini ni lami tupu, hazionekani. Ndiyo maana anayejaribu setingi akiwa amesimama gereji hudanganyika. Wapiganapo tembo huumia nyasi, lakini humu wenye kuumizwa ni tembo. Nikazishusha kutoka ngazi ya juu kabisa hadi ya kawaida, nikazima MSAA, ile ya kulainisha kingo zenye meno, ambayo nayo inakula memori kwa pupa. Vivuli nikavipunguza ngazi moja. Kaunta ya fremu pembeni ya kioo ikapanda kutoka 27 hadi 48. Kijana hata hakugundua kwamba majani yamepungua. Alikuwa anafukuzwa na polisi.

Kitu kimoja nilikiacha juu: uchujaji wa anisotropiki, jina refu kwa kazi ndogo, maana unafanya mistari ya barabarani isififie kwa mbali na gharama yake ni ya chai.

Ila 48 nayo ina mtego wake. Kioo changu kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo fremu nyingine zinakaa zamu moja na nyingine mbili, na jicho linahisi mchechemeo bila kujua unatoka wapi. Kwa gemu hii nikafunga kasi kwenye 30: kila fremu zamu mbili, mwendo ukatulia. Kwenye gemu ya mpira nisingekubali. Pale mkono unataka jibu papo hapo, kwa hiyo afadhali niteremshe picha kutoka 1920 kwa 1080, yaani pikseli 2,073,600, hadi 1280 kwa 720, pikseli 921,600. Nyuso za wachezaji zinakuwa kama zimepakwa vaselini, lakini pasi inakwenda pale unapobonyeza. Na ukiteremsha hivyo kasi isiongezeke, iache kadi ya picha. Anayechelewesha ni prosesa.

Kuna setingi moja haimo kwenye menyu yoyote. Saa nane mchana, chini ya bati, kadi ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Nilikuwa nahangaika na vivuli wiki nzima, kumbe feni imeziba vumbi. Siku hizi kila Jumapili nafungua makasha yote na brashi ya kupakia rangi.

Kesho yake yule kijana alirudi na wenzake wawili, akawaambia Anko kanunua kadi mpya. Nikapokea hela yao ya nusu saa, nikanyamaza.