Kidimbwi cha Lambwe hubeba ngege wangapi?

Kidimbwi cha mita 300 za mraba huwekewa vifaranga 1,000 vya ngege. Hesabu hiyo ilienea Kenya nzima kuanzia mwaka 2009, serikali ilipogharimia vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140 yaliyochaguliwa, na ndiyo mfugaji wa bonde la Lambwe anayoanzia anapopima shamba lake kwa kamba. Inampa samaki watatu na kitu kwa kila mita ya mraba. Lakini haimwambii elfu hao ni wa lini. Siku ya kuwamwaga, kifaranga ana gramu mbili au tatu, na elfu wote hawazidi kilo tatu. Miezi minane baadaye, wakilishwa vizuri, ni kilo 300, ndani ya maji yale yale.

Kinachoamua idadi ni hewa, nafasi ya kuogelea huja baadaye. Kidimbwi hicho kikiwa na kina cha mita moja kina lita 300,000 za maji. Kwenye nchi iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yenye joto la nyuzi 25 hushika karibu gramu saba za oksijeni katika kila lita 1,000. Kidimbwi kizima kina kilo mbili na ushee. Kilo moja ya ngege walioshiba huvuta kama miligramu 200 hadi 300 kwa saa, na usiku wa Lambwe, karibu kabisa na ikweta, ni saa 12 mwaka mzima. Samaki wa kilo 300 watamaliza karibu kilo nzima ya oksijeni kabla hakujacha. Akiweka 2,000 badala ya 1,000 na wote wakafika gramu 300, samaki peke yao wangekaribia kukomba kidimbwi chote, isipokuwa kwa kile kidogo kinachopenya juu ya maji kutoka hewani.

Na samaki hawako peke yao. Tope la chini linavuta, na mwani mdogo unaoyapa maji rangi ya kijani unavuta pia, mara nyingi kuliko samaki wenyewe. Mchana mwani huo huo ndio mwenye kuzalisha oksijeni, hata jioni ya siku ya jua kali maji yakawa na zaidi ya kiasi chake. Jua likizama, mzalishaji anageuka mlaji. Ndiyo maana kidimbwi kinachopendeza saa tisa alasiri kinaweza kuwa na samaki wanaohema juu ya maji saa kumi na moja alfajiri, midomo imetokeza. Mtu asiyepita pale kabla ya jua hajui kidimbwi chake kinabeba kiasi gani.

Mfugaji mzoefu hana mashine ya kupima haya. Ana mkono. Anapiga goti ukingoni penye udongo mweusi wa mfinyanzi, anakunja kiganja kikae sawa kama sahani, kisha anauzamisha mkono wima polepole, macho yakiwa kwenye vidole. Vidole vikipotea wakati maji yanafika kwenye kiwiko, rangi ni ya kutosha: chakula cha asili kipo na usiku utapita salama. Vikionekana hata maji yakivuka kiwiko, maji ni membamba, yanahitaji samadi. Vikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, kijani kimezidi, na hapo samadi husimamishwa siku hiyo hiyo, chakula kinapunguzwa, maji mapya yanaingizwa, na samaki wakubwa wanavuliwa mapema. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na kinastahili heshima kuliko kinavyopewa. Kila kinapotumiwa kinasahihisha ile namba ya siku ya kwanza.

Shida nyingine ni kwamba ngege hawakai elfu. Jike huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne, huatamia mayai mdomoni, na hurudia kila baada ya wiki chache. Kidimbwi kilichowekewa mchanganyiko wa madume na majike hujaa watoto wanaogombea chakula na hewa ya wakubwa, na mavuno yanakuwa vibete. Wengine hununua vifaranga vya dume pekee, wengine huingiza kambare wachache ili wawale hao wadogo. Idadi kamili hujulikana siku maji yanapotolewa yote.

Tangi la kioo la sebuleni hufuata sheria ile ile. Kanuni maarufu ya sentimita moja ya samaki kwa lita kadhaa hupotosha, kwa sababu samaki akirefuka mara mbili uzito wake huongezeka karibu mara nane. Kanuni inayopima eneo la uso wa maji, sentimita 30 za mraba kwa kila sentimita moja ya samaki wadogo, iko karibu zaidi na ukweli, maana hewa huingilia juu. Tangi refu jembamba hubeba wachache kuliko pana lenye maji kiasi hicho hicho.

Kwenye vizimba vya Ziwa Victoria namba hupaa. Kizimba cha mita mbili kwa mbili kwa mbili huwekewa hata samaki 2,000, yaani 250 kwa kila mita ya ujazo, kwa kuwa mawimbi na mikondo hubadilisha maji. Mkondo ukilala, au maji ya chini yasiyo na hewa yakipanda, samaki wa wavuni hana pa kukimbilia, na Novemba 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu waliamka wakakuta vizimba vimejaa samaki waliokufa. Hapa mkono hausaidii, kwa kuwa kila mwenye kizimba huhesabu chake na maji ni ya wote. Tuta lililounganisha Mbita na kisiwa cha Rusinga miaka ya 1980 liliziba mlango mmoja wa maji wa ghuba ya upande huo, na daraja lililochukua nafasi yake mwaka 2017 likaufungua tena. Je, ghuba iliyobadilishiwa njia za maji mara mbili ndani ya miaka 40 inabeba vizimba vingapi, na ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia mfugaji wa mwisho kuwa nafasi imekwisha?