Mshale wa Mwendo

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964, nayo huikata kwa kilomita 50 hivi. Tembo na twiga huivuka bila kungoja gari lipite. Kwa hiyo pana matuta, na vibao vya kuwaagiza madereva wapunguze mwendo. Dereva hutii kwa kuutazama mshale ulio mbele yake. Na mshale huo waweza kumdanganya.

Chukua mfano wa motokaa ya zamani huko Kilosa. Fundi ameitia giaboksi nyingine, difu nyingine, na matairi makubwa ya kushinda tope la masika. Yaenda vizuri sana. Ila mshale ukisema 50, gari lakimbia 60.

Kipima mwendo hakiioni barabara. Katika magari ya namna hii, gia ndogo iliyo nyuma ya giaboksi huzungusha waya mrefu, na waya huzungusha sumaku karibu na dereva. Sumaku imefunikwa kwa kikombe cha aluminiamu. Havigusani, lakini sumaku ikizunguka hukivuta kikombe kiifuate, na springi nyembamba hukizuia. Sumaku ikienda mbio zaidi, kikombe huvutwa zaidi, na mshale ulioshikamana nacho hupanda. Otto Schulze, Mjerumani, alipata hataza ya chombo hicho mwaka 1902.

Basi, kinachohesabiwa ni mizunguko ya propela tu. Waundaji wa gari walijua propela huzunguka mara ngapi katika kilomita moja, wakachagua meno ya gia ndogo kwa hesabu hiyo. Tairi lililopita mita 2 kwa mzunguko mmoja likibadilishwa kwa lipitalo mita 2.2, mshale husema 50 hali mwendo ni 55. Difu ikiwa propela yazunguka mara chache kuliko kwanza kwa kila mzunguko wa gurudumu, uongo huongezeka. Ikiwa mara nyingi, hupungua, na pengine makosa mawili hufutana. Giaboksi nayo yaweza kuja na gia ndogo yenye meno mengine.

Dawa yake ni saa na nguzo za kilomita. Matairi hujazwa upepo sawasawa kwanza, jambo ambalo wengi husahau. Kisha, nje ya hifadhi, mahali palipo wazi, dereva hushikilia mshale kwenye 50, na mwenzake, si dereva, huhesabu muda. Kwa mwendo wa 50, kilomita 5 huchukua dakika 6. Zikipitwa kwa dakika 5, mwendo wa kweli ni 60.

Waya, basi, wapaswa kuzunguka mara 6 pale ulipozunguka mara 5. Ikiwa gia iliyofungwa kwenye waya ina meno 18, fundi huitoa na kutia ya meno 15. Kisha safari ya kupima hurudiwa. Hesabu ya kilomita ikiwa sahihi na mshale bado wakosea, ugonjwa umo katika springi au sumaku.

Tofauti ya 50 na 60 si ndogo. Breki zilezile, zikikamatwa kwenye 60, huhitaji karibu mara moja na nusu ya nafasi ya kusimamisha gari, na twiga aliye barabarani hajui mshale ulisema nini.