Masisi na Walikale: Usifungie karanga kwa kitabu cha picha, kesho kitatafutwa

Katika wilaya za Masisi na Walikale, kitabu cha picha hakikai siku nyingi. Kinaletwa na shirika, na mwalimu ao na msafiri aliyetoka Goma. Watoto wanakigombania, wakubwa wanakisoma pamoja chini ya mti, kisha jalada linang'oka. Mwishoni karatasi zake zinafungia karanga sokoni ao zinawashia moto asubuhi.

Wengi hawaoni hasara hapo. Bede, kama tunavyoziita, ni mambo ya watoto. Lakini kuna nchi ambako watu walifikiri hivyo hivyo, wakatupa, na leo watoto wao wanatafuta kwa pesa nyingi kile ambacho wazazi walikiweka motoni.

Magazeti ya wasichana wa Uingereza

Nchi hiyo ni Uingereza. Kwa miaka mingi wasichana wa kule walikuwa na magazeti yao ya picha, yaliyotoka kila juma. School Friend lilianza kutoka kwa namna hiyo mwaka 1950, Girl likafuata 1951. Mwaka 1958 kampuni D.C. Thomson ya mji wa Dundee ilitoa Bunty, ambalo liliendelea mpaka 2001. Kisha yakaja Tammy mwaka 1971, Jinty mwaka 1974 na Misty mwaka 1978. Hadithi zilikuwa za masomo ya interna, za yatima wanaoteswa, za dansi na farasi. Misty lilikuwa la kuogopesha, lenye mizimu na uchawi. Katika yote, msichana ndiye aliyeongoza hadithi: yeye anaingia hatarini, na yeye anajitoa.

Karatasi ilikuwa ya bei ndogo. Msichana alisoma, akampa rafiki, kisha mama akatupa. Nyuma ya Bunty kulikuwa na picha ya msichana pamoja na nguo zake za karatasi, za kukata kwa makasi na kumvalisha. Wasichana walikata kweli, na walifanya vema, sababu picha ilikuwa ya kuchezea. Lakini ndiyo sababu leo si rahisi kupata namba ya zamani ambayo haikukatwa. Wenye kukusanya wanatafuta hiyo nzima.

Kuna kitu kingine ambacho ni adimu kupita gazeti lenyewe: mchoro wa jalada uliotoka katika mkono wa mchoraji, kabla ya kupelekwa mashineni. Mashine inatoa nakala maelfu na maelfu, lakini mchoro ule ni mmoja tu. Katika magazeti hayo mchoro ulibaki kwa kampuni. Mingi ilipotea ao ikatupwa. Na jina la mchoraji kwa kawaida halikuandikwa. Tammy lilianza kuyaandika majina mwaka 1982 tu, wakati lilikuwa karibu kufungwa. Baadhi ya majalada ya Misty yalichorwa na mama mmoja, Shirley Bellwood. Wasichana wengi waliyapenda majalada hayo bila kujua jina lake. Tangu mwaka 2016 kampuni Rebellion, iliyonunua haki za magazeti mengi ya zamani, inachapisha upya hadithi za Misty na wenzake, na majina ya wachoraji yanatafutwa moja moja.

Kwa kujua namna mchoro wa mkono unaweza kupanda bei, angalia Ubelgiji. Mnamo mwezi wa kwanza 2021, kule Paris, rangi ambayo Hergé alichora kwa ajili ya jalada la Le Lotus bleu iliuzwa zaidi ya milioni tatu za euro. Ni karatasi moja.

Sisi pia tulikuwa na zetu

Jina la Hergé tunalijua sababu ya Tintin au Congo, hadithi iliyoanza kutoka mwaka 1930. Yeye hakukanyaga Kongo hata siku moja, na alituchora kwa dharau ambayo mpaka leo inaleta mabishano. Lakini michoro yake imetunzwa: tangu 2009 iko na nyumba yake ya makumbusho kule Louvain-la-Neuve.

Na sisi? Wakati wa ukoloni, gazeti Nos Images lilitoka kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne kubwa, Kiswahili kikiwa ndani. Humo wazee wetu walifuata visa vya jamaa ya Mbumbulu, ambavyo vilikusanywa katika kitabu mwaka 1956. Ilikuwa sauti ya mkoloni ikifundisha Mkongomani namna ya kuishi. Hata hivyo ni sehemu ya historia yetu. Mwaka 1968, kule Kinshasa, Achille Ngoye na Freddy Mulongo walianzisha Jeunes pour Jeunes, lililochorwa na vijana Wakongomani wenyewe. Vijana walimcheka Apolosa, polisi wa mjini, katika lugha ya mtaa. Mongo Sisse naye alichora Mata Mata na Pili Pili, kisha Bingo.

Karibu zaidi na kwetu kuna Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959. Mtu akitoka Bukavu kwa barabara ya kitaifa namba 3, anapita Walikale na Lubutu mbele ya kufika mji huo. Mwaka 2014, pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, alitoa Madame Livingstone, hadithi ya vita ya kwanza ya dunia upande wa Ziwa Tanganyika. Na kwa wasichana wanaofikiri kazi hii ni ya wanaume: Fifi Mukuna, mzaliwa wa Kinshasa, ni mmoja wa wanawake wa kwanza wa Afrika waliojulikana kwa kuchora bede.

Lakini mtoto wa Nyabiondo ao wa Mubi atamwona Apolosa wapi? Tintin wa mbao anauzwa kwa watalii. Apolosa ni lazima umtafute.

Kile kinachotufikia

Tusiangalie Kinshasa tu. Kwa vijiji vya Masisi na Walikale, kitabu cha picha kinachofika mara nyingi ni kile cha kuhamasisha watu: kunawa mikono sababu ya kolera, kutogusa bomu lililolala shambani, kupiga kura. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, karatasi za namna hiyo zilienea jimbo zima la Kivu Kaskazini.

Angalia moja vizuri. Kwenye jalada kuna alama za mashirika yaliyolipa. Jina la mchoraji mara nyingi halipo, sawa na kwa wasichana wa Uingereza. Lakini yeye ndiye aliyechora mama mwenye kubeba mzigo kwa kamba ya kichwani, kijana anayesukuma chukudu yenye magunia ya makaa, kilima chenye ngombe. Miaka hamsini ikipita, mjukuu atakayetaka kujua namna tulivyovaa na tulivyotembea ataiangalia picha hiyo kama bado iko.

Ataona pia jambo lingine. Katika vitabu hivyo msichana wetu mara nyingi anachorwa ili aonywe ao ahurumiwe. Ni mara chache yeye ndiye anayeongoza hadithi. Wachoraji wa Goma na wa Masisi wanaweza kulifikiria hilo.

Mwezi wa kwanza 2025 vita ilifika Masisi-kati, na mwezi wa tatu Walikale-kati. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, sufuria na blanketi. Habebi bede, na hakuna wa kumlaumu. Ndiyo maana yule ambaye bado ana nafasi ya kutunza, atunze hata kwa ajili ya wengine.

Namna ya kutunza

Haihitaji pesa nyingi. Karatasi inaogopa maji, moshi, panya na mchwa. Katika pori la Walikale unyevu ndio adui wa kwanza. Weka kitabu ndani ya sanduku la bati, juu ya mbao ao mawe, mbali na jiko. Jalada likitoka, usilibandike kwa skoche: kisha miaka michache inaacha doa la manjano na kula karatasi. Livike tu ndani ya karatasi safi.

Piga picha kila ukurasa kwa simu, kwenye mwanga wa mchana, na uzitume kwa ndugu aliye mji mwingine. Hata kitabu kikipotea, kitakuwa kimebaki mahali. Masomo na parokia zinaweza kufungua sanduku moja kwa kijiji kizima.

Kwa wachoraji, neno ni fupi: andika jina lako na mwaka chini ya mchoro. Mbele ya kuukabidhi kwa shirika, ulizeni pamoja nani atakaa na mchoro wa mkono kisha kuchapisha, na muandike hilo katika mapatano. Kama unaenda, baki na picha yake.

Na wewe msomaji, kama uko na kitabu cha picha nyumbani, kifungue leo. Angalia kama jina la mchoraji liko ndani. Kama halimo na wewe unamjua, chukua kalamu ya risasi, uliandike kwenye karatasi ndogo pamoja na mwaka na kijiji ulikokipata, uiweke katikati ya kurasa.