Kizunguzungu si presha kila mara

Tarehe 5 Mei 1961, Alan Shepard alikuwa Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu. Miaka miwili baadaye alianza kuamka asubuhi chumba kikizunguka, akatapika, na sikio la kushoto likavuma huku likizidi kuwa zito. NASA ikamzuia kuruka. Tatizo halikuwa moyo wala ubongo, lilikuwa sikio la ndani. Baadaye alifanyiwa upasuaji wa kupunguza maji yaliyojaa humo, na Februari 1971 alitembea mwezini.

Kwetu, mtu akilalamikia kizunguzungu huambiwa ni presha, damu imepungua au malaria imepanda. Mara nyingine ni kweli. Lakini kizunguzungu kinachofuatana na usikivu kupungua kina anwani yake.

Sikio la ndani limefichwa katika mfupa mgumu wa fuvu, na lina viungo viwili. Kimoja ni koklea, iliyojisokota kama gamba la konokono, inayogeuza sauti kuwa taarifa za neva. Cha pili ni kiungo cha mizani, chenye mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, inayouarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka. Viungo hivyo vinachangia maji yale yale, na taarifa zake hupita katika neva moja. Ndiyo maana ugonjwa mmoja unaweza kumwangusha mtu na kumwacha kiziwi.

Jambo hilo lilichelewa kujulikana. Hadi karne ya 19, madaktari wa Ulaya waliamini kwamba kizunguzungu cha ghafla ni damu kujaa kwenye ubongo, wakawatoa wagonjwa damu na kuwabandika ruba. Mwaka 1861 Prosper Ménière, daktari wa taasisi ya viziwi jijini Paris, alieleza kwamba chanzo kinaweza kuwa sikioni. Ugonjwa uliompata Shepard una jina lake: maji ya sikio la ndani hujaa kupita kiasi, na mtu hupata vipindi vya kizunguzungu vya kuanzia dakika 20 hadi saa kadhaa, sikio likivuma na kuziba. Kinachoyafanya maji yajae bado kinatafutwa.

Muda wa kizunguzungu ni ushahidi mkubwa. Mama anainua uso kuanika kanga kwenye kamba, mara ua mzima unazunguka. Anashika nguzo, na kabla dakika haijaisha, kumetulia. Anasikia vizuri kama jana. Hapo kisa ni chembe za chokaa. Sikio la ndani lina chembe hizo kiasili, zikiwa zimekaa mahali pake kusaidia mizani ya mwili. Umri, au pigo la kichwa kama la kuanguka na pikipiki, huweza kuzing'oa zikaingia kwenye mfereji. Tiba yake haihitaji kidonge: mtaalamu humlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa kwa hatua, chembe zikateleza na kurudi zilikotoka.

Kizunguzungu kinachodumu siku kadhaa mfululizo kwa kawaida huashiria uvimbe wa neva ya mizani, ambao mara nyingi hudhaniwa kuletwa na virusi. Uvimbe ukilipata sikio la ndani lenyewe, usikivu nao huondoka. Surua, matumbwitumbwi na homa ya uti wa mgongo vimewaachia watoto wengi uziwi kwa njia hii, na mengi ya madhara hayo huzuilika kwa chanjo.

Kisha kuna dawa. Waliowahi kutundikiwa dripu ya kwinini wanakumbuka masikio yalivyovuma. Mvumo huo kwa kawaida huisha dawa ikiisha. Sindano za jentamaisini na streptomaisini ni jambo jingine: zinaokoa maisha, lakini zinaweza kuua seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti na mwendo. Kuku huziotesha upya seli za kusikia zikifa, binadamu haoteshi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri sindano ya kanamaisini isitumike tena kwa kifua kikuu sugu, na uziwi ulikuwa miongoni mwa madhara yake makubwa. Mwenye ugonjwa wa figo yuko hatarini zaidi, kwa kuwa dawa hizi za sindano hukaa mwilini mwake muda mrefu.

Basi msomaji, ukienda hospitali sema mambo matatu: kizunguzungu kinadumu muda gani, sikio lipi limepungua kusikia, na dawa gani umetumia. Sikio likiziba ghafla bila maumivu, usisubiri lizibuke lenyewe wala usilitie mafuta. Tiba ya vidonge vya steroidi hufaa zaidi ikianza ndani ya siku chache. Na kizunguzungu kikija pamoja na mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito au mkono kulegea, hicho huenda ni kiharusi: nenda hospitali saa hiyo hiyo.