Chumvi ya pwani, adui wa chuma cha Gede na shaba ya siwa

KATIKA magofu ya Gede, kusini mwa Malindi, ipo Nyumba ya Mkasi, ipo ya Taa ya Chuma na ipo ya Sanduku la Chuma. Majina hayo yalitokana na vitu vilivyofukuliwa humo na James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba mahali hapo mwaka wa 1948. Mji ulihamwa katika karne ya 17, lakini kuta zake za matumbawe zingalipo. Chuma hakina ustahimilivu huo.

Sababu kuu ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba, nayo huvuta unyevu wa hewani. Katika utando huo wa maji chuma hugeuka kutu, na kloridi iliyomo katika chumvi hupenya chini ya kutu hiyo. Ndiyo maana chombo huendelea kubanduka magamba hata baada ya kutolewa ardhini.

Shaba nayo ina maradhi yake, na hapa ndipo ala za muziki za pwani zinapohusika. Siwa ya Lamu, baragumu la shaba lililopulizwa katika harusi na sherehe za watawala, imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu pamoja na siwa ya Pate ya pembe za ndovu. Kloridi ikikutana na shaba penye unyevu, hutokea asidi inayoila shaba, na mabaki yake huzaa asidi nyingine. Mwanakemia Mfaransa, Marcellin Berthelot, alieleza mzunguko huo katika miaka ya 1890. Dalili yake ni vidoa vya ungaunga wa kijani hafifu.

Ala ya kupuliza ina hatari ya ziada: mate na mvuke wa pumzi hubaki ndani. Huko Uswisi, watafiti walitumia miale ya nyutroni kuchungulia ndani ya ala kongwe za shaba, wakachunguza pia manufaa ya kuzikausha kwa feni baada ya kupigwa.

Mwenye upatu wa kale nyumbani anaweza kufuata kanuni hiyo: aukaushe, aushike kwa glavu kwa kuwa jasho lina chumvi, na asiusugue kwa ndimu na majivu. Mng'aro huo hupatikana kwa kuondoa shaba yenyewe, na nakshi ikishafutika hairudi.